Kinywa cha Mtoto Mchanga

Mtoto azaliwapo, jambo la kwanza lingojewalo ni kilio chake. Mama hukisikiliza, mkunga hukisikiliza, na jamaa waliokaa nje ya nyumba hukitegea masikio. Kilio kikitoka, nyuso hukunjuka na watu hupeana mikono. Lakini mara chache sana mtoto hufumbua kinywa na kilio kisitoke, au hutoka kwa shida kubwa. Na mkunga akisogeza taa huona mle kinywani kitu kisichotazamiwa. Pengine ni kinyama chekundu kilichoning'inia ufizini. Pengine ni donge lililojaza kaakaa. Pengine ni uvimbe laini wenye maji chini ya ulimi. Katika saa hiyo watu wa kila nchi na wa kila zama huuliza swali moja: Hiki ni nini? Jibu litakalotolewa ndilo liamualo kama mtoto atanyonya, atapumua na kuishi.

Historia ya jibu hilo ndiyo nitakayo kuieleza katika insha hii, nami naianza Issuna. Issuna ni kata katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, kando ya njia kuu itokayo Manyoni kwenda mjini Singida. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi ya mawe makubwa ya matale, ya mtama, uwele na alizeti, yenye mvua ya msimu mmoja kwa mwaka. Sikuichagua kwa sababu uvimbe huu unapatikana huko zaidi ya penginepo, maana maradhi haya hayachagui kabila wala udongo. Nimeichagua kwa sababu mama wa Issuna amesimama katika njia panda ambayo mama wengi wa Afrika ya Mashariki wamesimama. Upande mmoja yuko bibi mzaa mama pamoja na maarifa ya kijiji. Upande wa pili iko zahanati. Na mbali kidogo, katika wilaya hiyo hiyo, iko Hospitali ya Makiungu, ambako masista wa shirika la Wamisionari wa Tiba wa Maria walianza kazi mwaka 1954. Kila upande una jibu lake juu ya kinywa cha mtoto, na kila jibu lina historia yake.

Kwanza yafaa tujue vitu vyenyewe, maana havifanani. Vingi vionekanavyo kinywani mwa mtoto mchanga si maradhi hata kidogo. Watoto walio wengi huzaliwa na vijipele vyeupe kama punje za uwele katikati ya kaakaa au juu ya ufizi. Heinrich Bohn, tabibu wa watoto katika mji wa Königsberg, aliviandika vile vya ufizini mwaka 1866 katika kitabu chake juu ya maradhi ya vinywa vya watoto. Na Alois Epstein wa Prague aliandika mwaka 1880 juu ya vile vya katikati ya kaakaa, ambavyo hata leo huitwa lulu za Epstein. Lulu hizo haziumi wala hazizidi. Hutoweka zenyewe katika majuma machache, na anayezitumbua kwa sindano huleta ugonjwa mahali palipokuwa na afya.

Kisha kuna jino la kuzaliwa nalo. Jambo hili hutokea takriban mara moja katika watoto 2,000 hadi 3,000. Aghalabu jino hilo ni la mbele katika ufizi wa chini, nalo si la ziada. Ni jino lile lile la utoto lililotangulia wakati wake. Likishika imara huachwa. Likilegea mno, hata ikahofiwa kwamba litang'oka na kupaliwa, au likichubua ulimi wa mtoto na titi la mama, mganga wa meno hulitoa kwa utaratibu.

Baada ya hayo ndipo tunapofikia vivimbe vya kweli, ambavyo ni adimu sana. Cha kwanza huitwa epulisi ya kuzaliwa, na maana ya neno hilo katika Kiyunani ni kitu kilicho juu ya ufizi. Ni kinyama laini, chekundu au cha rangi ya ufizi wenyewe, chenye kikonyo, ambacho mara nyingi huota katika ufizi wa juu upande wa mbele. Pengine ni kidogo kama punje ya mtama, pengine ni kikubwa hata mtoto hawezi kufumba kinywa. Huwapata watoto wa kike mara nyingi zaidi ya wa kiume, na katika kila watoto kumi walio nacho, mmoja hivi huwa na zaidi ya kimoja. Ajabu yake ni kwamba hukua tumboni, na mtoto akisha zaliwa huacha kukua. Vingine vidogo vimeonekana vikinywea vyenyewe. Si saratani, wala kikikatwa na daktari hakirudi, hata kama kipande kimebaki.

Aliyekieleza epulisi kwa mara ya kwanza kitaalamu ni Ernst Neumann, naye pia wa Königsberg, mwaka 1871. Ni Neumann huyo huyo ambaye miaka mitatu kabla, yaani mwaka 1868, alitambua kwamba damu ya mwanadamu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Watu wawili wa mji mmoja, ambao sasa huitwa Kaliningrad na uko chini ya Urusi, walitufundisha mengi juu ya kinywa cha mtoto. Hawakuwa na dawa za ajabu. Walikuwa na hadubini, na walikuwa na subira ya kutazama kitu kabla ya kukihukumu.

Kivimbe cha pili ni kikali zaidi. Huota katika kaakaa au nyuma yake, karibu na kitako cha fuvu, na madaktari hukiita epignatho. Ni aina ya teratoma, yaani uvimbe uliochanganya ndani yake vitu vya namna nyingi vya mwili: ngozi, nywele, mafuta, gegedu, pengine hata jino au mfupa. Huonekana mara moja katika watoto 35,000 hadi 200,000. Huweza kujaza kinywa chote na kutokeza nje, na kumziba mtoto pumzi dakika ile ile anapotengwa na kondo la nyuma. Cha tatu ni uvimbe wa mishipa ya maji ya limfu, ambao hukaa shingoni na mara nyingine hupanda hadi chini ya ulimi. Wernher, tabibu wa Kijerumani, aliupa jina la kitaalamu mwaka 1843. Tena kuna vifuko vya mate chini ya ulimi, ambavyo matabibu wa zamani walivifananisha na chura.

Msomaji asidhani kwamba maarifa haya yalianza Ulaya. Miaka 850 na zaidi kabla ya Neumann, al-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Andalusia aliyekufa mwaka 1013 hivi, alikwisha andika katika kitabu chake kikubwa cha utabibu milango juu ya nyama zinazoota ufizini, juu ya uvimbe wa chini ya ulimi, na juu ya kimeo kilichovimba. Akachora na vyombo vya kuvikatia. Lakini alitahadharisha pia kwamba si kila uvimbe hukatwa. Hapo pana fundisho ambalo litarudi mara kwa mara katika habari hii: ustadi wa mkasi ni nusu ya utabibu, nusu ya pili ni kujua lini mkasi uwekwe chini.

Sasa tutazame upande wetu. Lugha ya Kiswahili imehifadhi neno ambalo vijana wengi wa leo hawalijui: kigego. Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Neno hili limo katika kitabu cha Edward Steere juu ya lugha ya Unguja, kilichotoka mwaka 1870, na limo katika kamusi ya Krapf ya mwaka 1882. Na maelezo yake ni ya huzuni, maana mtoto huyo alihesabiwa kuwa na nuhusi. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani mwaka 1857 akapita Ugogo na pori la Mgunda Mkali kusini ya nchi ya Issuna, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba kwa Wazaramo mtoto wa namna hiyo aliuawa, au alitolewa, au aliuzwa kwa wafanya biashara ya watumwa. Ikiwa jino tu, lililotoka mahali pake ila kwa zamu isiyo yake, lilitosha kumtoa mtoto katika ukoo, twaweza kukisia ni nini kilichompata mtoto aliyezaliwa na donge la nyama kinywani. Hakuna kaburi lake lililotajwa wala jina lake lililoandikwa. Historia ya vivimbe hivi katika nchi zetu ni pungufu, kwa kuwa waliokuwa navyo hawakuachwa waishi hata wasimuliwe.

Wala tusione haya peke yetu. Katika Ufaransa, Ambroise Paré, aliyekuwa mpasuaji wa wafalme, alichapisha mwaka 1573 kitabu juu ya watoto waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kawaida. Na katika sababu za maumbile hayo alitaja ghadhabu ya Mungu na hila za mashetani pamoja na sababu za kimwili. Paré huyo huyo alipendekeza kuchanja fizi za watoto ili meno yatoke kwa urahisi, na shauri lake lilifuatwa kwa zaidi ya miaka 300. Uingereza na Wales mwaka 1839 vifo 5,016 viliandikwa katika daftari la serikali kuwa vimesababishwa na kuota meno. Watoto hao hawakuuawa na meno. Waliuawa na kuhara, na homa, na maziwa machafu, katika umri ule ambao meno huota. Jino lilikuwa mpita njia aliyekutwa mahali pa mauaji, akakamatwa.

Nimeleta mfano huo kwa makusudi, kwa sababu jambo hilo hilo limetokea kwetu, tena karibuni. Mwaka 1969 Jens Pindborg, bingwa wa maradhi ya kinywa kutoka Denmark, aliandika habari za Waacholi wa kaskazini ya Uganda, ambao waling'oa machipukizi ya meno ya watoto wachanga kwa kuyadhani kuwa asili ya homa na kuhara. Miaka michache baadaye fikira hiyo ilionekana Tanzania. Watu waliita meno hayo meno ya nailoni au meno ya plastiki, kwa kuwa jino bichi lililong'olewa kabla ya wakati wake ni jeupe, laini, wala halifanani na jino. Mwaka 1983 mtaalamu wa meno H. J. Mosha aliandika juu ya jambo hilo na hofu iliyotanda kwa ajili yake, na mwaka 1992 Hiza na Kikwilu walieleza kijiji cha mbali ambamo watoto walikosa meno kwa sababu hiyo. Kisha desturi hiyo ikaonekana hata kwa watu wa Afrika ya Mashariki waliohamia Ulaya na Marekani.

Tazama jinsi kosa lilivyojengwa. Ufizi wa mtoto wa miezi minne au mitano una vituta viwili mahali ambapo meno ya chonge yanajiandaa. Vituta hivyo kila mtoto anavyo. Lakini mtoto akiwa mzima hakuna anayevitazama, akiugua, mama humfunua kinywa, akaviona kwa mara ya kwanza, akasema, “Kumbe ndivyo vimletavyo homa!” Mganga huvifukua kwa kisu, au spoku ya baiskeli, au ukucha. Mtoto aliyekuwa na kuhara sasa ana kuhara pamoja na jeraha. Na chipukizi la jino la ukubwani, lililolala chini ya lile la utoto, huharibika nalo. Katika jeraha hilo huweza kupita pepopunda, na sumu ya damu, na virusi vya Ukimwi ikiwa chombo kimetumiwa kwa wengi.

Kimeo kina hadithi iliyo ndugu na hii. Ni ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya kinywa, ambayo kila mwanadamu anayo. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto akikohoa siku nyingi, au akitapika, au akikataa titi, husemwa kwamba kimeo chake kimekuwa kirefu nacho kinamkereketa, na hupelekwa kukatwa. Tabibu J. J. Manni alieleza ukataji huo katika maandishi ya kitabibu mwaka 1984. Nao waendelea hata sasa. Kikohozi kile huwa ni cha nimonia, au kifua kikuu, au mafua tu. Kukataa titi huwa ni dalili ya malaria au ya sumu iliyoingia katika damu. Kimeo kikikatwa, mtoto hutokwa na damu, na mtoto mchanga hana damu ya kupoteza. Akipona kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa mwepesi, mkataji husifiwa. Akifa, husemwa kwamba alichelewa kuletwa.

Singida yenyewe imeona namna ya tatu ya kosa hili, nje ya kinywa. Tangu miaka ya 1970 Singida na Dodoma yalienea maneno ya ugonjwa uitwao lawalawa, muwasho na uchafu wa sehemu za siri za watoto, na dawa yake ikasemwa kuwa ni kumkeketa mtoto wa kike. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kukeketa wasichana walio chini ya miaka 18. Baadhi ya watu wakaanza kukeketa watoto wachanga, maana kilio cha mtoto mchanga hakiulizwi na jeraha lake hupona ndani ya nguo. Maradhi ambayo maji safi na dawa ndogo vingeyatibu yakawa sababu ya wembe. Yeyote aandikaye juu ya kinywa cha mtoto wa Issuna hapaswi kusahau jambo hilo, kwa kuwa mkono unaokata ni mmoja, na fikira inayouongoza ni moja: kwamba mtoto akiugua, basi mwilini mwake kuna kitu kidogo cha ziada ambacho kikiondolewa atapona.

Fikira hiyo, kwa bahati mbaya, mara chache sana ni ya kweli. Hapo ndipo ulipo uzito wa shauri letu. Lau ingekuwa ya uongo siku zote, tungeweza kuwaambia akina mama neno moja tu: msikate kamwe. Lakini epulisi ipo, na epignatho ipo. Inatajwa mara kwa mara kwamba epulisi huwapata watoto 6 hivi katika milioni. Nchini Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Tukikadiria kwa hesabu hiyo, watoto kama 12 huzaliwa na epulisi katika nchi nzima kwa mwaka, na kati ya 700 na 1,000 huzaliwa na jino. Katika mkoa kama Singida, uliohesabiwa watu takriban milioni 2 katika sensa ya mwaka 2022, mkunga aweza kufanya kazi maisha yake yote asione epulisi hata moja. Lakini vituta vya meno na vimeo ataviona kila siku. Basi watoto wanaokatwa pasipo haja ni wengi, na yule mmoja ambaye kisu cha daktari kingemwokoa huweza kufichwa nyumbani kwa aibu. Kosa moja lina sura mbili: huku twakata kilicho kizima, na huku twaogopa kukiangalia kilicho kigonjwa.

Utabibu wa leo umepata njia ambazo Neumann hakuziota. Picha ya mawimbi ya sauti huweza kumwonyesha daktari uvimbe wa kinywa cha mtoto angali tumboni. Tena kuna dalili ambayo hata mkunga wa kijijini aweza kuitambua: mtoto tumboni humeza maji ya uzazi, na kinywa chake kikizibwa maji hayo huzidi, hata tumbo la mama likawa kubwa kupita miezi yake. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na upasuaji ambao mtoto hutolewa kichwa na mabega tu, huku kondo bado linampa uhai kutoka kwa mama, na madaktari humtengenezea njia ya pumzi kabla ya kukata kitovu. Upasuaji huo wataka watu wengi na vyombo vya thamani, wala haufanyiki katika zahanati. Ila maana yake hata zahanati yaweza kuitumia: uvimbe uliojulikana mapema huokoa mtoto, kwa sababu mama hupelekwa mapema mahali penye watu wanaoweza kumpokea.

Na kwa epulisi, ambayo ndiyo ipatikanayo zaidi katika vivimbe vya ufizi, kazi si kubwa. Daktari hukata kikonyo, hufunga jeraha, na mara nyingi mtoto hunyonya upesi, pengine siku ile ile. Kabla ya hapo, mkunga hufanya mambo ya akili tu: humlaza mtoto ubavu ili pumzi ipite, hukamua maziwa ya mama na kumnywesha kwa kikombe ikiwa hawezi kushika titi, hazungushi uzi kwenye uvimbe, hapaki majivu wala majani, na humpeleka hospitali pamoja na mama yake.

Pamoja na mama yake, nasema, kwa sababu katika historia hii yote mama ndiye aliyeonewa zaidi. Mtoto akizaliwa na uvimbe, huulizwa alikula nini, alikosa wapi, alivunja mwiko gani. Sayansi haikupata kosa lo lote la mama katika epulisi. Ni nyama iliyoota pasipotakiwa, jambo ambalo mwili hulifanya bila kumshauri mtu. Bibi aliyekaa kando ya mkeka naye si adui. Aliyemkata mjukuu kimeo hakumkata kwa chuki. Alimkata kwa mapenzi, akifuata jibu la pekee alilopewa. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tuliosoma tuna deni la kumpa bibi yule jibu lililo bora kuliko lile alilorithi, tena kwa lugha anayoielewa na kwa heshima anayostahili, maana neno lake ndilo litakalosikilizwa usiku ule ambapo mvua inanyesha na zahanati iko mbali.

Jibu hilo si refu. Vijipele vyeupe, viache. Vituta vya meno, viache. Kimeo, kiache. Homa na kuhara, tafuta sababu yake kwingineko, nawe mpeleke mtoto zahanati. Na ukiona nyama isiyo mahali pake, usikate wala usifiche. Sogeza taa, tazama vizuri, kisha fuata njia ya Makiungu.